Plagi Nne Nyeupe

Mwaka jana pistoni ya tatu ilitoboka Kona akiwa kwenye mwinuko wa mwisho wa mashindano ya kupanda mlima. Oili ikamwagikia tairi za nyuma, gari likazunguka kama pia, likaenda kubamiza reli ya chuma iliyo pembeni ya barabara. Ng'ambo ya reli ile hakuna kitu, ila mawe na vilele vya miti iliyoota huko chini. Reli ilishika. Mjukuu wangu alivunjika mfupa wa bega na mbavu, akalazwa, akawa anatania manesi. Lakini mama yake, yaani binti yangu, alikwenda kuiona ile reli ilivyopinda, na tangu siku hiyo hakanyagi kwenye mashindano.

Safari hii alinituma mimi. Alinikuta chumbani nakunja nguo, akakaa ukingoni mwa kitanda, akachukua shuka moja akawa analikunja vibaya.

"Mama, mimi siwezi kwenda. Wewe nenda ukae pale. Ukiona mambo si mambo, mtoe garini hata kwa kumvuta sikio."

"Sikio nitalipatia wapi na lile likofia lake?"

Hakucheka. Nikaona hapa si pa mzaha. Nikamwambia nitakwenda, na nikiona hatari nitasema, na nikisema atatoka.

Sisi tunaishi mbele, gereji iko nyuma, ua ni mmoja. Gereji ni ya mwanangu wa kiume, mjomba wao hawa watoto. Kona ndiye dereva. Jina hilo walimpa wenzake kwa sababu kwenye kona hapunguzi mwendo pale wanapopunguza watu wenye akili zao. Mimi namwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wa kiume, na akiniudhi namwambia kesho nakwenda kudai talaka. Dada yake, mke mwenzangu, tunamwita Masizi. Alipoanza kutambaa tu alikuwa anaingia gereji, anatoka mweusi hadi kwenye kope. Sasa ni mwanamke mzima na ndiye fundi wa injini. Ile pistoni ya mwaka jana aliifunga kwa mikono yake. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, na mara nyingine nadhani angetamani mtu amlaumu, amalize.

Alinieleza habari za plagi siku moja nikichambua mchele karibu na benchi lake. Plagi ni kile kidude cha chuma chenye shingo ya kauri kinachowasha petroli ndani ya injini. Kwa macho yangu zote zinafanana, kama kucha. Lakini ziko plagi moto na plagi baridi. Cheche ni zile zile. Tofauti ni jinsi plagi inavyoachia joto. Plagi moto inakaa na joto lake muda mrefu, kama chungu cha udongo. Kwa gari la kwendea sokoni hiyo ni nzuri, maana uchafu unaungua wenyewe na plagi inabaki safi. Plagi baridi inaachia joto upesi, kama sufuria nyembamba ukiiepua. Gari la mbio, tena lenye turbo, kile kifeni kinachosindilia hewa ndani ya injini, linataka plagi baridi. Ukiliwekea ya moto, ncha yake inakuwa kaa. Petroli inajiwasha kabla ya wakati wake, na pistoni inatoboka kama karatasi juu ya mshumaa. Ukiliwekea baridi kupita kiasi, gari likisimama linanguruma tu plagi zinashika masizi, na saa ya kuondoka injini inakohoa na kufa mbele za watu.

"Kwa hiyo isiwe moto, isiwe baridi," nilimwambia. "Kama maji ya kumwogeshea mtoto."

"Ndiyo, bibi. Ila mtoto huyu hasemi maji yamemuunguza mpaka ameshakufa."

Plagi walizozizoea zinatoka kiwanda kimoja, boksi jekundu, na kwa kiwanda hicho namba ikipanda, plagi inazidi baridi. Mwaka jana walitumia sita. Baada ya ajali Masizi alifunga pistoni mpya, akaongeza presha ya turbo, akaweka nane. Na nane injini ilivuta vizuri, lakini ikiachwa inanguruma pale uani ilianza kukohoa, na siku ya mashindano magari hupanga foleni juani kwa muda mrefu. Walibishana juma zima, yeye na mjomba wake. Mwisho wakakubaliana: saba.

Jioni ya kuamkia mashindano mjomba alikwenda dukani. Masizi alikuwa ameshinda chini ya gari tangu alfajiri, na mjomba aliporudi alimkuta amelala kwenye kiti cha gereji, kichwa ukutani, glavu bado mkononi. Mimi nilikuwa nimeleta chai. Mwanangu akaweka kidole mdomoni.

"Usimwamshe, mama. Nitazifunga mimi."

Akavua koti lake akamfunika. Akatoa plagi za nane moja moja, akafunga mpya kwa ile spana yenye saa ya kupimia nguvu ya kukaza, akikaza huku amezuia pumzi kama mtu anayevuka mtoto aliyelala sakafuni. Akapanga za nane kwenye kisanduku cha Masizi. Akafagia, akatupa maboksi, akafuta hata alama za mikono yake kwenye boneti. Saa ile nilimpenda sana mwanangu. Ni mtu wa maneno makali, na wema wake hupenda kuufanya watu wakiwa wamelala.

Asubuhi Masizi aliamka akiomba radhi. "Mjomba, umeweka saba?"

"Saba. Zote nne. Kwa mkono huu."

Akashukuru, akafunga mlango wa pikapu.

Mashindano huanzia kwenye uwanja wa kiwanda cha saruji kilichofungwa, chini ya mlima. Ghala hazina mapaa, sakafu ni vumbi la kijivu linalopanda kwenye viatu, na kila timu imetandika turubai lake na kupanga spana zake. Pembeni yetu kulikuwa na gari la njano, na fundi wake wanamwita Redio, kwa kuwa hazimwi.

"Shikamoo, bibi," akanipigia kelele. "Umekuja kuzindua gari au kuliombea?"

"Marahaba. Nimekuja kuona lako likipitwa."

"Huyo sasa ndiye dereva," akamwambia Kona. "Wewe mpishe kiti."

Taratibu yao ni hii. Asubuhi kila gari linapanda mara moja kwa kujaribu, haihesabiwi. Mchana linapanda tena, na hapo ndipo wanapohesabu. Masizi hutumia ule mpando wa asubuhi kusoma plagi, na ana namna yake ya kusoma. Humwambia nduguye apande mkanyago mzima, pedali ya mafuta imegusa sakafu, mpaka juu kabisa, na akishavuka mstari, hapo hapo, injini ikiwa bado inalia kwa nguvu zote, akanyage klachi na kuizima. Asiiache ingurume hata kidogo. Gari linateleza lenyewe hadi linaposimama, na plagi zinabaki na rangi ile ile ya kazi nzito. Ukiiacha injini ingurume, alisema, ushahidi unafutika.

Kwa hiyo mimi na yeye tulitangulia juu na pikapu kabla barabara haijafungwa. Juu kuna uwanja mdogo wa kokoto chini ya minara ya simu. Nilikaa kwenye ngazi ya pikapu na kofia yangu ya ukindu. Masizi alisimama, mikono kiunoni, uso chini, anasikiliza.

Tulilisikia kwanza kama nyuki ndani ya debe. Likapanda, likapotea nyuma ya mwamba, likarudi kubwa zaidi. Kwenye mwinuko wa mwisho, pale penye reli, mimi nilishika chuma cha ngazi. Halafu likatokea, jekundu, likavuka mstari, na sauti ikakatika kama uzi. Tukabaki na mlio wa tairi juu ya kokoto. Likaja likasimama karibu na miguu yetu, lina harufu ya chuma kilichochomwa.

Kona alivua helmeti akicheka. "Mke wangu, leo limekula pilipili. Sijawahi kulisikia hivi. Dada, umelifanyaje?"

Kipaza sauti kilichofungwa kwenye nguzo kikataja muda wake. Hakuna gari la asubuhi ile lililompita. Hakuna muda wake wowote wa miaka yote uliofikia ule. Kona akapiga paa la gari kwa kiganja.

Masizi alikuwa ameshafungua boneti. Husoma plagi kama mimi nilivyokuwa nikisoma ulimi wa mtoto mwenye homa. Rangi ya biskuti ni afya. Nyeusi ni baridi mno. Alitoa ya kwanza, akaigeuza kwenye mwanga, akaiweka kando. Akatoa ya pili. Ya tatu aliishika muda mrefu, akachukua kioo cha kukuzia.

Zilikuwa nyeupe. Nyeupe ya mfupa ulioachwa juani. Na ile ya tatu ilikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa kwenye kauri, kama punje za chumvi.

"Hivyo ni nini?" nilimuuliza.

"Pistoni, bibi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Imeanza kuyeyuka."

Kona akaacha kucheka.

Masizi akafungua kompyuta yake kwenye kiti cha pikapu, akapitia namba za petroli, za cheche, za hewa, anazitaja kwa kunong'ona. Zote zilikuwa vile alivyoziacha. Kisha akavificha vidole vyake kwapani.

"Nimekosea wapi? Saba haiwezi kuwa hivi. Nimekosea tena, bibi, na sioni ni wapi."

Nilimwekea chai kwenye kifuniko cha chupa nikamshikisha, ili mikono ipate kazi. Akanywa funda moja. Halafu akaitazama ile plagi kwenye kiganja chake kama mtu aliyeitwa jina, akaifuta shingo kwa kidole gumba, akasoma maandishi.

"Hizi si zetu."

"Si za nani?" Kona akauliza.

"Si za kiwanda chetu. Imeandikwa saba, lakini hawa wanahesabu kinyume. Namba ikipanda kwao, plagi inazidi moto. Saba yao ni sawa na sita yetu." Akatazama barabara tuliyopandia. "Ni ile ile ya mwaka jana. Na presha safari hii nimeongeza."

Nikalikumbuka lile koti. "Alitaka ulale," nikasema.

"Najua, bibi. Na nililala."

Aliingiza kamera ndogo yenye shingo kama nyoka kwenye tundu la plagi ya tatu, akatuonyesha kwenye simu. Uso wa pistoni ulikuwa na vishimo vishimo, kama ngozi iliyopita tetekuwanga, lakini haukuwa na tundu. Akapima mgandamizo wa silinda zote kwa geji, akapima tena. Pistoni ilikuwa imechubuka, haijatoboka.

Barabara ilipofunguliwa tulishuka. Kona alilishusha gari bila kuwasha injini, mteremko ukilibeba, sisi nyuma yake. Tulipopita penye reli nikaona wameweka mpya. Rangi yake bado inang'aa.

Chini, mjomba alitupokea kwa mikono miwili. Mafundi wa timu nyingine walikuwa wamekuja kumpongeza, na Redio alikuwa anamuuliza kijana wetu amelishwa nini. Niliona Masizi akifungua mdomo, akawatazama wale watu, akaufunga.

"Mjomba, njoo unishikie kitu huku."

Akampeleka nyuma ya pikapu, pasipo na masikio. Mimi niliwafuata, maana mimi si masikio, mimi ni mama.

Hakumweleza kwa maneno. Alimpa plagi mbili, moja ya nane kutoka kisandukuni, na moja nyeupe. Kisha akampa njiti ya kiberiti. "Ingiza ndani pembeni mwa kauri, uone inazama kiasi gani."

Mjomba akaingiza kwenye ile ya nane. Njiti iligota karibu. Akaingiza kwenye ile nyeupe. Ikazama karibu yote. Akarudia. Fundi wa miaka yake hahitaji kuambiwa kwamba pua ndefu ya kauri ndiyo inayoshika joto. Akaisoma shingo ya plagi, midomo yake ikicheza.

"Nyekundu zilikuwa zimekwisha," akasema. "Yule wa dukani akaniambia saba ni saba."

"Ni dukani, mjomba. Si wewe."

"Usinifunikie kosa langu. Aliyefunga ni mimi." Akaegemea pikapu. "Ningemuua mtoto wa dada yangu."

"Hajafa. Yuko pale anakula mkate."

Lakini Kona hakuwa anakula mkate. Alikuwa amesimama kwenye pembe ya pikapu, amesikia.

"Sikilizeni," akasema. "Zimeshapanda mara moja, na muda mmeuona. Imebaki mara moja tu. Baada ya hapo mfungue injini, mfanye mtakavyo."

"Injini inayokaribia kufa ndiyo inayokimbia," Masizi akasema. "Umeenda vile kwa sababu ilikuwa inaungua."

"Mara moja."

"Hiyo mara moja imeshaliwa asubuhi. Pistoni haina mbili."

"Basi weka nane twende."

"Nane nitaweka. Na presha ya turbo naishusha, kwa ajili ya ile pistoni iliyochubuka."

"Ukiishusha tunashindwa. Sema tu nipande na mkokoteni."

"Panda na mkokoteni. Nitakufungia kengele."

Walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini, pua kwa pua, kama walivyokuwa wakigombania kijiko utotoni. Kisha wote watatu wakanigeukia mimi. Sijui kwa nini watu hufanya hivyo mbele ya mwanamke mzee aliyekaa kimya. Labda hudhani ukimya ni hekima, kumbe magoti yanauma. Nilikuwa na ahadi ya mama yao kifuani. Nilijua nikisema basi, Kona angenuna mwezi mzima, lakini angetoka.

Nikamuuliza Masizi. "Wewe ungekaa kwenye kile kiti?"

Hakujibu upesi, nami nilifurahi kwamba hakujibu upesi. Alitazama gari, akahesabu mambo yake kichwani.

"Na nane, na presha nikiishusha, ningekaa. Ningemweka hata wewe. Na hizi nyeupe nisingeweka hata kuku."

"Mume wangu," nikamwambia Kona, "umesikia. Ukitaka kupanda na masharti ya dada yako, panda. Huyataki, vua hizo glavu twende nyumbani, mama yako ametia maji kwenye birika."

Akapiga teke gurudumu la pikapu. Kisha akasema, "Washushe hiyo presha," akaenda kukaa peke yake juu ya tofali.

Likabaki tatizo la foleni. Nane zingeshika masizi injini ikinguruma kwenye foleni, na ikizimwa ikawashwa mstarini ikiwa baridi, kupanda mkanyago mzima kungeiumiza. Masizi alitafuna kucha. Halafu akamtazama mjomba wake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikaona meno yake.

"Zako zitafanya kazi, mjomba. Tutapashia injini kwa hizi nyeupe, taratibu, hapa hapa uwanjani. Ikishapata moto tunaizima, tunazitoa, tunafunga nane. Baada ya hapo haiwashwi tena mpaka mstarini."

"Na kwenye foleni?"

"Tutasukuma."

Wakafanya hivyo. Injini ilipopata moto na kuzimwa, ikawa lazima kubadilisha plagi kwenye kichwa cha aluminiamu kinachochoma, ambacho ukikosea hesi moja, ile mikato ya skrubu ndani ya tundu, umekiharibu kabisa. Masizi alitoa zile nyeupe akaweka spana juu ya turubai. Akamwambia mjomba, "Funga wewe. Mkono wako umetulia kuliko wangu."

Haukuwa umetulia. Niliuona. Lakini alipoishika plagi ya kwanza kwa vidole, akaiteremsha kwenye tundu na kuizungusha kinyume kidogo kutafuta hesi, mkono ukatulia. Akafunga zote nne, jasho likimdondoka puani. Masizi alisimama kando hakutazama. Alijifanya anatafuta kitambaa.

Foleni ilipanda kidogo kidogo kuelekea mstarini, na gari ni zito. Mjomba, mwenye mgongo wa kuuma, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka bega. Masizi upande wa pili. Magari mengine yalikuwa yananguruma mbele na nyuma yetu, joto na moshi, na kila foleni iliposogea wao walisukuma hatua chache, wakaweka jiwe nyuma ya tairi, wakahema.

"Jamani," Redio akaita kutoka kwenye turubai lake, "leo mmehamia biashara ya punda?"

Wao wakaendelea kusukuma. Akasimama akitazama. Kisha akaitupa sigara, akasema kitu kwa vijana wake, akaja akaweka mikono kwenye buti la gari letu, karibu na mjomba. Gari lake la njano lilikuwa linashindana na letu, na alikuwa bado hajui kwa nini tunasukuma. Hakuuliza. Alisema tu, "Sukumeni kwa miguu, si kwa mgongo, mtaniachia mizigo yenu."

Wakafika mstarini. Mwenye bendera akainua kidole. Kona akabonyeza starta.

Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Mwenye bendera akatazama saa yake. Ikazunguka tena, ikakohoa, ikashika kwa silinda tatu, ikawa inatetemeka kama mbuzi mgonjwa. Masizi alikuwa amekaza macho kwenye bomba la moshi. "Ipe mafuta kidogo," alikuwa anasema, ingawa nduguye hawezi kumsikia. "Kidogo tu. Kidogo. Sasa." Moshi mweusi ukatoka mara moja, kama mtu aliyekohoa kohozi, na sauti ikawa moja, safi. Bendera ikashuka.

Safari hii sote tulikuwa chini, hatuna macho ya juu. Tulisimama vumbini tukisikiliza. Sauti ikazunguka mlima, ikaingia nyuma ya mwamba, ikapotea. Mjomba alikuwa amekaa chini kabisa, mikono kichwani. Sauti ikarudi, nyembamba kuliko ya asubuhi, haina ile hasira. Ikakaribia mwinuko wa mwisho. Masizi alikuwa ameshika mkono wangu, na kwa kuwa ana mikono ya fundi, vidole vyangu viliniuma, nikaviacha viume.

Kisha ikakatika.

Mjomba akainua uso. Nilifikiria reli mpya, rangi yake inavyong'aa.

"Amezima," Masizi akasema. "Nilimwambia azime juu. Amezima mwenyewe." Akasema hivyo mara nyingi, hadi kipaza sauti kilipotaja namba ya gari letu na muda wake. Ulikuwa wa nne. Redio, ambaye gari lake lilikuwa la tatu, alimpiga mjomba begani na kwa mara ya kwanza hakupata neno.

Magari yaliachiliwa kushuka yote pamoja jua likiwa limeinama. Kona alilishusha tena bila kuwasha injini, akalisimamisha kwenye turubai, akatoka, miguu yake miwili, mikono yake miwili, akalalamika kwamba ana njaa. Nilikwenda kando nikampigia mama yake, nikamwambia neno moja tu, "Kashuka," nikasikia amekaa kitako upande wa pili.

Niliporudi, boneti lilikuwa wazi. Masizi alikuwa ametoa plagi ya tatu kwa kitambaa, na hajaitazama. Akampa mjomba wake.

"Soma wewe."

Mjomba akaipeleka kwenye jua, akaigeuza, akaisogeza karibu na jicho kisha mbali, maana miwani aliisahau nyumbani.

"Biskuti," akasema. Akaigeuza tena. "Na weusi kidogo ukingoni."

"Huo ni wa pale alipowashia. Kauri?"

"Safi. Hakuna chumvi."

"Una uhakika?"

"Njoo uone."

Wakainamia kwa pamoja, vichwa vinagusana, na Kona, mdomo umejaa mkate, akapenyeza kichwa chake katikati yao aone na yeye.

"Toa kichwa," Masizi akamwambia, akimsukuma kwa kiwiko. "Unaniziba mwanga."